ZIWA LA BLUU, ZIWA LA TOPE: PICHA IPI INASEMA KWELI?

Wiki hii nakuja na swali moja tu. Una nakala tatu za picha moja ya zamani. Ya kwanza ni mkanda wa video, ya pili ni DVD, ya tatu ni faili la kwenye flashi. Ukizicheza moja baada ya nyingine, kila moja ina rangi yake. Utajuaje ipi ni ya kweli?

Usijibu haraka haraka. Huku kwetu swali hilo limewagombanisha washikaji wawili waliokua pamoja, na kwa karibu mwezi mzima mmoja wao alihamia kijiwe kingine cha kahawa.

Picha yenyewe ni The African Queen ya mwaka 1951, steringi wake Humphrey Bogart, na mwanamke ni Katharine Hepburn. Kama hujaiona si kosa lako, ni picha ya enzi za babu. Lakini kwa mtu wa Kigoma ile ni picha ya nyumbani. Hadithi inatokea mwaka 1914 katika koloni la Wajerumani hapa Afrika Mashariki: mlevi mmoja mwenye boti bovu na dada wa mmisionari wanateremka na mto hadi ziwani, nia yao kuizamisha meli ya kivita ya Mjerumani iitwayo Louisa. Na hiyo Louisa, jamani, ni nani kama siyo Liemba yetu? C. S. Forester aliandika riwaya yake mwaka 1935, na meli iliyompa wazo ni Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni mpaka Kigoma. Iliingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikaangukia mikononi mwa adui, baadaye Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Bibi zetu wamesafiri nayo, mizigo yetu imelowa ndani yake. Kwa hiyo mtu wa huku akikaa kuitazama picha ile, anakaa kama mwenye mali.

Sasa mjomba wangu, mwenye banda la video hapa Ujiji tangu sijazaliwa, anazo nakala zote tatu. Kwenye mkanda, maji ni ya kijivu na uso wa Hepburn umeiva kama nyanya. Kwenye DVD, ambayo ni ya kudurufu, kila kitu kina unjano, utadhani picha nzima imekaangwa kwa mawese. Kwenye flashi, maji ya mtoni yana ukahawia, majani yana kijani cha aina kumi, na shati la Bogart unaliona mpaka uchafu wake. Mmoja wa wale washikaji ni mvuvi wa Katonga. Yeye alizikataa zote tatu. "Ziwa letu ni la bluu," akasema, "mimi nalala juu yake kila usiku, nani ataniambia?" Mwenzake, dereva wa bodaboda, akaing'ang'ania ya flashi, hoja yake ikiwa kwamba angalau nyuso za watu zinafanana na nyuso za watu. Kelele, matusi madogo madogo, kahawa ikamwagika.

Kabla hujachagua upande, sikia hili: maji yale siyo ya ziwa letu hata tone moja. Mwongozaji John Huston aliwapeleka watu wake kwenye mto Ruiki, Kongo ya Wabelgiji, kisha Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na Ziwa Albert. Zile sehemu ambazo wahusika wanaingia majini wenyewe zilipigwa kwenye tangi la studio kule Isleworth, London, maana kichocho si mchezo. Mito ya misitu ya Kongo, kwa majani yanayooza ndani yake, maji yake huwa kama chai ya rangi. Mvuvi wetu ni shahidi mzuri sana, ila kaitwa kwenye kesi isiyo yake.

Na hata ingekuwa kesi yake, angepata shida kizimbani. Simama pwani ya Ujiji asubuhi ya kiangazi, utaapa ziwa ni la bluu. Njoo Machi, mto Luiche umeshamwaga tope lake, maji ni ya kahawia mpaka mbali. Mawingu yakikaa juu ya milima ya ng'ambo, yanageuka bati. Ziwa ni lile lile.

MKANDA ULIOVUKA ZIWA UKAPOTEZA RANGI

Mjomba ana kisa anachokipenda kuliko picha zote alizonazo. Anasema ni miaka ya mwanzo ya tisini, wakati Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni. Cha kwanza kilianza mwaka 1994. (Zanzibar walitutangulia tangu miaka ya sabini, tena kwa rangi, na mpaka leo Mzanzibari hataacha kukukumbusha.) Huku Kigoma watu waliona picha kwa deki na mikanda. Mikanda mingine ilikuja na treni kutoka Dar, mingine ilivuka na boti kutoka Bujumbura, Uvira na Kalemie.

Ile ya kutoka ng'ambo ilikuwa na tabia moja. Unaiweka, inacheza vizuri, sauti safi, watu wanaonekana sawasawa, lakini rangi hakuna. Nyeusi na nyeupe tupu. Pepe Kalle na wacheza shoo wake, mashati yanameremeta, yote ya kijivu. Mtaani ikaaminika kuwa Zaire hawajui rangi. Mjomba anacheka mpaka machozi akilieleza hilo, kwa sababu mikanda ile ilikuwa na rangi kamili.

Maelezo yake ni haya. Zaire na Burundi walifuata mtindo wa Wafaransa wa kurusha na kurekodi rangi, unaitwa SECAM. Sisi tulifuata PAL, kama Waingereza na Wajerumani. Mitindo hiyo inabeba umbo la picha kwa namna inayokaribiana, lakini rangi inabebwa kwa namna tofauti kabisa. Deki na TV za PAL tupu zikipewa mkanda wa SECAM, zinasoma umbo na kuiacha rangi. Ukija mkanda wa Marekani, wa NTSC, hapo ndiyo balaa lenyewe, picha inapanda na kushuka kama lifti mpaka upate deki inayokubali mitindo yote. Na TV za NTSC zilikuwa na kitufe maalumu cha kuzungusha rangi, uso ukiwa wa kijani unauzungusha mpaka uwe wa mtu. Mafundi wenyewe walikuwa na utani kwamba herufi zile maana yake ni rangi isiyotoka sawa mara mbili.

Kwa hiyo toa kichwani wazo kwamba rangi imeyeyuka ndani ya picha kama sukari ndani ya chai. Kwenye video rangi inasafiri kwenye behewa lake, na behewa hilo linaweza kuachwa Tabora.

Hata likifika, kwenye mkanda wa VHS ni behewa dogo. Mkanda ule unabeba kiasi cha mistari 240 ya mwanga na kivuli, lakini rangi inapewa nafasi ya mistari 40 hivi. Ndiyo maana kwenye picha za Kihindi za mkanda, sari nyekundu inavuja nje ya mwili wa mwenye sari, inamfuata kama moshi. Durufu mkanda huo kutoka kwenye mkanda mwingine, uliodurufiwa Kariakoo kutoka kwenye mkanda wa Dubai, na nyekundu itakuwa imeenea hadi kwenye ukuta wa hekalu. Kuna watu wazima hapa Ujiji wanaamini Wahindi wa zamani walipenda kuta za waridi.

NGUO YENYE MIHURI MITATU

Tuiache video, turudi kwenye filamu yenyewe, ile ya sinema, maana huko nako kuna mambo.

The African Queen ilipigwa kwa Technicolor. Kamera ya Technicolor lilikuwa dubwana zito, na ndani yake kulikuwa na kioo kilichogawa mwanga ukaingia kwenye mikanda mitatu kwa pamoja: mmoja unakamata wekundu, mmoja kijani, mmoja bluu. Mpiga picha wao, Jack Cardiff, Mwingereza aliyekuwa na tuzo ya Oscar kwa Black Narcissus ya 1947, alilipeleka dubwana hilo msituni. Nakala ya kwenda kwenye majumba ya sinema ilitengenezwa kama inavyogongwa kanga: rangi ya kwanza inagongwa, kisha ya pili juu yake, kisha ya tatu. Rangi za namna hiyo ni ngumu. Nakala ya Technicolor iliyogongwa miaka ya hamsini, ikitunzwa, leo bado inawaka.

Shida ilikuja na filamu ya bei nafuu zaidi, Eastmancolor ya kampuni ya Kodak, iliyoanza mwaka 1950. Hapo mikanda mitatu ikawa mmoja wenye tabaka tatu. Kamera ikawa nyepesi, gharama ikashuka, kila mtu akahamia huko. Lakini nakala zake zilichuja. Rangi ya bluu-kijani ilikufa kwanza, ikabaki nyekundu peke yake inatamba. Ukiona picha ya miaka ya sitini ambayo anga ni la waridi, usiku ni wa zambarau na kila mtu kama katoka kuoga maji ya moto, usidhani ni fasheni ya wakati ule. Ni nakala iliyochuja, mtu kaiweka kwenye mashine na kuirekodi hivyo hivyo. Mwaka 1980 Martin Scorsese aliongoza kelele za waongozaji wenzake kuitaka Kodak itoe filamu isiyochuja, na miaka ya themanini hali ikaanza kuwa nzuri. Lakini miaka thelathini ya picha za dunia ilikuwa imeshapita kwenye tabaka zile.

Hata Sholay imepata ya kwake. Picha ya 1975 ambayo wazee wetu wanaweza kukusimulia kuanzia treni mpaka mazishi, mkanda wake wa asili wa kamera ulikutwa umeharibika vibaya. Ilibidi wakusanye vipande kutoka huku na huku, na toleo lililosafishwa likaonyeshwa Bologna, Italia, Juni 2025, likiwa na ule mwisho wa kwanza ambao serikali ya India iliukataa wakati wa hali ya hatari. Kwa miaka hamsini sisi tumeona mwisho mwingine na rangi nyingine, na tulilia vizuri tu.

The African Queen ilikuwa na bahati. Mikanda mitatu ya asili ilikuwepo. Taabu yake ni kwamba mikanda hiyo ikizeeka hunywea, na haikubaliani kunywea sawa, kwa hiyo ukiipandisha mmoja juu ya mwingine unapata ukingo mwekundu au wa kijani pembeni ya vitu. Wakaisoma kwa kompyuta mmoja mmoja, wakainyoosha, wakailinganisha, na mwaka 2010 ikatoka kwenye DVD na Blu-ray. Faili la mjomba lina mwonekano wa toleo hilo. Kafika nalo vipi Ujiji, hilo usiniulize, yule ni mjomba wangu.

SHAHIDI KUTOKA SANDUKUNI

Nitoke nje ya sinema kidogo, msomaji, uniruhusu.

Wazazi wangu walifunga ndoa mwaka 1997, na mkanda wa harusi upo. Juzi juzi nikaupeleka kwenye duka moja, sitalitaja, wautoe kwenye VHS wauweke kwenye flashi. Ulikuja umesafishwa. Kijana wa pale kaipandisha mwanga picha yote, kaondoa vivuli, kaongeza bluu, na kazi ikaonekana mpya kabisa. Tatizo ni bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa mweusi, mweusi wa kung'aa, na alishafariki, na mkanda ule ndiyo picha yake pekee anayotembea na kucheka. Kwenye flashi alikuwa na rangi ya majivu. Mama alitazama dakika mbili, akanyanyuka akaenda jikoni.

Shangazi yangu hakubishana na mtu. Alifungua sanduku, akatoa kitenge walichovaa sare siku ile, kijani chenye maua ya njano, kimekunjwa hakijaonja jua. Kwenye flashi kitenge kile kilikuwa cha bluu. Tukaenda nacho dukani, tukakitandaza juu ya meza pembeni ya kioo cha kompyuta. Kijana akawa anavuta vitufe vyake, huku shangazi anasema bado, bado, hapo umepitiliza, rudi. Kitenge kilipokuwa kitenge, bibi naye akawa bibi, siyo kwa asilimia zote, lakini mama alikaa akatazama mpaka mwisho.

Nikajiuliza, kwa nini hawafanyi hivyo na picha za zamani? Nguo zipo kwenye makumbusho, si wakazitoe wakalinganishe? Wanafanya, lakini kwa tahadhari, na sababu yake ni tamu. Kwenye The Wizard of Oz ya mwaka 1939 kuna viatu vyekundu maarufu kuliko viatu vyote vya sinema. Kwenye kitabu viatu vile vilikuwa vya fedha. Wakavifanya vyekundu ili Technicolor ipate cha kuonyesha. Na jozi moja iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Sasa, wekundu wake ni wa giza zaidi kuliko unaouona kwenye picha, kwa sababu kamera ile ingeugeuza wekundu mkali kuwa chungwa. Walikipaka kiatu rangi isiyo sahihi ili picha iwe na rangi sahihi. Ukileta kiatu kizimbani, kitadanganya bila kosa lake.

Mkanda wa harusi ni kumbukumbu, kitenge kinatosha. Picha ya sinema ni kitu kilichotungwa. Rangi yake ya kweli ni ile ambayo waliotunga waliikubali juu ya pazia siku ya kwanza. Kwa hiyo wanaosafisha hutafuta nakala ya zamani isiyochuja, kama ile ya Technicolor, wanaicheza pembeni ya kazi yao. Wakimpata mpiga picha yu hai, wanamketisha wanamuuliza.

Unadhani hapo ndiyo ugomvi umeisha? Wapi! Mwaka 2009 The French Connection, picha ya polisi ya 1971, ilitolewa kwenye Blu-ray, na mwongozaji wake William Friedkin aliisimamia mwenyewe. Akaifubaza, akaipa rangi ya baridi ambayo watu hawakuwahi kuiona. Mpiga picha wake, Owen Roizman, akapandisha hasira hadharani kwamba hakushirikishwa na kwamba hicho siyo alichokipiga. Mwenye picha kasema hivi, aliyeshika kamera kasema vile, na wote walikuwepo siku ile barabarani New York! Mwaka 2012 ikatoka tena, safari hii karibu na ile ya zamani.

Mimi niko na Roizman. Mtu hubadilika kwa miaka arobaini, na hiyo ni haki yake, lakini atengeneze picha nyingine.

Huston wa The African Queen naye hakuwa mtu wa kuchezewa. Miaka ya themanini Wamarekani walipoanza kuzitia rangi picha nyeusi na nyeupe kwa kompyuta ili ziuzike kwenye TV, alipiga kelele akiwa mgonjwa, mpaka akafariki mwaka 1987. Watoto wake wakaendelea. The Asphalt Jungle, picha yake ya 1950, ilipotaka kuonyeshwa Ufaransa ikiwa imetiwa rangi, walikwenda mahakamani, na mwaka 1991 mahakama ya juu ya Ufaransa ikawapa ushindi. Wahindi wao waliliona jambo hilo kwa jicho jingine. Mughal-e-Azam ya 1960 sehemu kubwa ni nyeusi na nyeupe, na vipande vichache tu, pamoja na ile ngoma ya kwenye jumba la vioo, ni vya rangi. Mwaka 2004 waliitia rangi yote na ikajaza majumba. Utetezi wao ulikuwa kwamba K. Asif mwenyewe aliitaka yote iwe ya rangi, wenye fedha wakamkatalia. Mjomba anayo ya rangi. Bibi zetu wa Ujiji wanaitaka ile ya zamani, kwa sababu wanasema pale jumba la vioo linapowaka rangi ghafla, moyo unaruka, na kwenye mpya hakuna cha kuruka.

SHIRLEY NA SISI

Dereva wa bodaboda, kama unakumbuka, alisema anaangalia nyuso. Hoja yake ni nzito kuliko anavyojua mwenyewe.

Maabara za kusafisha picha za mitaani zilikuwa na kadi ya kupimia rangi. Kwenye kadi kuna mwanamke mweupe kavaa vizuri, na mafundi walimwita Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa wa kwanza. Uso wa Shirley ukitoka sawa, mashine imekaa sawa, wateja wote wapite. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, amelifuatilia jambo hili na kuliandika mwaka 2009. Filamu yenyewe ilipikwa kwa ajili ya ngozi ya Shirley. Mtu mweusi akikaa pembeni ya mweupe, mweupe anatoka mzuri, mweusi anabaki macho na meno. Na alichokigundua Roth kinauma: kilichoisukuma Kodak kubadilisha ni malalamiko ya watengeneza chokoleti na samani, kwamba mbao zao na peremende zao za kahawia hazitofautiani kwenye matangazo. Jean-Luc Godard alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya sabini aliikataa filamu ya Kodak, akasema ni ya kibaguzi.

Sasa rudi kwenye The African Queen. Picha inaanza kanisani kijijini, waumini Waafrika wameketi, wengi. Kwenye mkanda wa mjomba wale watu ni doa moja jeusi lenye kelele. Nimeuona mkanda ule mara nyingi nikiwa mdogo na sikuwahi kujua kuna mzee mbele na kijana nyuma. Kwenye nakala iliyosafishwa kila mmoja ana uso wake. Siyo kwamba mafundi wamewapendelea. Nyuso zilikuwepo kwenye mikanda mitatu tangu 1951, kila mkono uliodurufu ndio ulizifuta, kwa sababu aliyekuwa akitazama kioo alikuwa anamtazama Hepburn.

Hapo ndipo ninapokwama na ile sheria ya kufuata walivyokubali siku ya kwanza. Kama siku ya kwanza waliokubali walikuwa na kadi ya Shirley mkononi, fundi wa leo anayekuta sura ya Mwafrika imezama kivulini, lakini mkanda wa asili unayo, aiinue au aiache? Akiiinua kavunja uaminifu. Akiiacha kamzika mtu mara ya pili. Mimi ningeiinua kidogo, na ningeandika kwenye kasha kwamba nimeiinua.

Wewe uliye nyumbani huna mkanda wa asili, una TV tu. Basi anza na hiyo. TV nyingi zinatoka dukani zikiwa kwenye mpangilio unaoitwa Vivid au Dynamic, uliowekwa ili ing'ae kuliko jirani yake kwenye rafu. Hapo nyeupe ni ya bluu na nyanya zinapiga kelele. Ingia kwenye menyu utafute Movie, Cinema au, kwenye zilizotoka baada ya 2019, Filmmaker. Dakika tano za kwanza utaona kama picha imeumwa homa ya manjano. Vumilia, jicho litazoea, kwa sababu weupe huo ndio wanaoutumia mafundi wanaposahihisha. Zima taa ya bluu ya ukutani. Halafu tafuta kitu cheupe kwenye picha, kanzu, karatasi, maziwa, uone kama kina rangi ya mtu mwingine. Tazama kivuli cheusi, kikiwa na wekundu ujue nakala imechuja. Na kukiwa na usiku wenye mwanga kama saa saba mchana, aliyerekodi hakujua kuwa zamani usiku ulipigwa mchana na kutiwa giza baadaye.

Nilimwekea mjomba mpangilio huo bandani. Ulidumu siku moja. Wateja walimwambia TV imekufa.

Kuna picha nyingine ambayo ni yetu zaidi hata ya ile ya Liemba: Stanley and Livingstone, ya mwaka 1939, Spencer Tracy ndani, na safari yote inaishia hapa hapa Ujiji, kama walivyokutana mwaka 1871. Hiyo haina rangi kabisa. Kijana mmoja wa Mwanga kaiingiza kwenye programu ya simu inayotia rangi yenyewe. Programu haijui, inakisia kutokana na picha ilizowahi kuona. Kanionyesha kipande. Miti imekuwa ya kijani cha uwanja wa mpira, kofia ya Stanley ya kaki, mashavu yake ya waridi, na umati wa Waafrika waliosimama nyuma yake wote wamepewa rangi moja ya kahawia, kuanzia mtoto mpaka mzee, kana kwamba wamechovywa kwenye ndoo moja. Nikamwuliza kwa nini asiwabadilishe mmoja mmoja. Akasema ni watu wengi mno, na Jumamosi anaionyesha kwa mia tano.